Sulisuli anayerudishwa baharini

Kaskazi ikivuma, lawama ile ile husikika Watamu na Malindi, pwani ya Kenya: mtalii analipa pesa nyingi amchoshe sulisuli, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu uliochongoka, kwa fimbo ya kuvulia, kisha anamwachilia. Kwa mvuvi wa jarife, wavu wa kunasa samaki wakubwa, aliyerudi pwani mikono mitupu, huko ni kuchezea chakula. Ana haki ya kusema hivyo. Sulisuli mmoja ni kitoweo cha nyumba kadhaa, na mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, akimpata, biashara ya siku imefana.

Hata hivyo, wavuvi wa burudani wanaonewa. Samaki akishavutwa hadi ubavuni mwa boti, baharia humchomeka mgongoni alama nyembamba ya plastiki yenye namba, na nahodha huandika tarehe, mahali na uzito wa kukisia. Shirika la African Billfish Foundation la Watamu limekusanya rekodi hizo kwa miongo kadhaa. Ni hazina, kwa sababu sulisuli hajui mipaka. Mwaka 2018, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, chombo cha mataifa kinachosimamia uvuvi wa jodari na samaki kama sulisuli, iliweka kikomo cha tani 25,000 kwa mwaka kwa sulisuli wa bahari nzima. Kikomo hicho kitasimamiwaje wakati sehemu kubwa ya sulisuli hunaswa na jarife, na kwenye vituo vingi vya kupokelea samaki huandikwa pamoja na nduwaro, jamaa yake mwenye mdomo mrefu kama wake?

Swali linalowabana wenye fimbo ni moja: anayeachiliwa hupona? Watafiti Horodysky na Graves, katika utafiti uliochapishwa 2005, waliwafunga nduwaro weupe wa Atlantiki vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti. Walionaswa kwa ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, walipona wote 20. Kwa ndoana ya kawaida yenye umbo la J, walikufa 7 kati ya 20. Saba! Waliondoka wakiogelea, wakafia mbali na macho ya watu. Yule ni samaki mwingine wa bahari nyingine, lakini sioni sababu ya kusubiri: anayetumia chambo cha samaki atumie ndoana ya duara, na iwe sharti la leseni.

Alama yenyewe haisemi kitu mpaka samaki avuliwe tena, na wengi hawaonekani tena. Anayeweza kumpata mara ya pili ni huyo huyo mwenye jarife au mshipi. Akiikuta alama anapopasua samaki, huenda akaitupa, kwa kuhofia kuulizwa ukubwa wa matundu ya nyavu zake. Watafiti wamezoea kukaa na manahodha wa boti za kitalii. Kwenye kamati za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, hufika kwa nadra mno. Anayeleta alama alipwe papo hapo, pasipo maswali ya nyavu, na aambiwe samaki wake alitiwa alama wapi na lini. Pesa hizo zitoke kwenye ada za boti za burudani. Wateja wao wanaolipa ili samaki aishi hawatashindwa kuongeza kidogo ili ijulikane kama aliishi kweli.