Gari nalo lipewe fungu lake

Baba yangu alikuwa mvuvi Kilwa Kivinje, na hesabu za kugawa nilizijulia pwani kabla ya shule. Chombo kikishafunga, kila mmoja alitengewa kwanza kitoweo cha nyumbani kwake, na kitoweo hakihesabiwi. Samaki waliobaki wakiuzwa, gharama za safari zinatolewa, kisha fedha zinakatwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, na la kila baharia. Utotoni niliona ajabu mbao na kamba kulipwa kama watu. Nilipomuuliza baba, alinipeleka kwenye ubao uliooza ubavuni mwa mashua, akaniuliza nani ataununua mwingine.

Ubao ule niliukumbuka nikiwa Texas, kwa kuchelewa.

Tulikuwa wanne katika safari ya kuwinda: mimi, Mkenya wa Nakuru mwenye pikapu, ndugu yetu wa Lubumbashi, na rafiki yake aliyetutembelea kutoka Minnesota. Mkenya ndiye aliyekuwa na hamu kuliko sote. Kwao uwindaji wa wanyama umepigwa marufuku tangu 1977, na habari zake alizisikia kwa babu tu. Tuliondoka Houston usiku, Novemba ya 2024, tukaenda hadi upande wa Llano, zaidi ya maili 200, kutafuta kulungu wa mkia mweupe. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo mara nyingi huwindi mpaka umlipe mwenye shamba. Yeye alitutoza kwa kichwa, na hapo hapakuwa na neno.

Neno lilizuka kwenye njia ya changarawe ndani ya shamba. Jiwe lilichana tairi la nyuma. Mkenya akafunga la akiba bila kusema kitu, tukaendelea. Jumapili jioni tukapiga hesabu: mafuta dola 80, kugawa kwa wanne, 20 kila mmoja. Chakula, barafu na mahindi ya kuwavutia kulungu tukavigawa vilevile. Tukashikana mikono, tukaagana. Tairi jipya lilimgharimu dola 240, akalilipa peke yake. Hakulalamika. Ila simu zetu zikaanza kuita bila kupokelewa, na miezi ikapita hivyo.

Naamini tulimdhulumu, na tulifanya hivyo kwa hesabu ambayo kila mtu angeiita ya haki. Kugawa mafuta sawa kwa sawa na mwenye gari ni kumfanya achangie mara mbili. Mwaka ule mamlaka ya kodi ya Marekani ilikuwa ikikadiria gharama ya kuendesha gari kwa shughuli za kazi kuwa senti 67 kwa maili, kwa sababu mafuta ni sehemu tu: kuna matairi, oili, bima, na thamani ya gari inayoshuka. Kwa maili 450 za kwenda na kurudi, hiyo ni zaidi ya dola 300. Sisi tuliona 80 tu kwa sababu ndizo zilizotoka kwenye risiti. Zilizobaki zilitoka kwenye chuma cha mwenzetu, na chuma hakitoi risiti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwenye gari asichange mafuta hata senti, na gari likiumia safarini, jeraha ni la wote. Wapo watakaosema gari lingeharibika hata likienda sokoni. Lakini sokoni hakuna changarawe za Llano, wala watu wanne na masanduku ya barafu nyuma.

Leseni ni jambo jingine. Mkazi wa Texas analipa dola 25. Asiye mkazi, akitaka kulungu, analipa 315. Mgeni wetu aliona ni haki tumsaidie tofauti hiyo. Mimi nilikataa na bado nakataa. Leseni ina jina la mtu na tagi zake, yaani vibandiko vya kumfungia mnyama uliyempiga, huwezi hata kumwazima mwenzako. Asiyeimudu awinde nguruwe mwitu, maana tangu 2019 kwenye shamba binafsi hawahitaji leseni, ilimradi mwenye shamba ameruhusu. Mimi ni Mwislamu, nguruwe siwagusi. Wakipigwa, gharama ya bucha iwe ya wanaowala.

Nyama ya kulungu ndiyo inayopima urafiki. Siku ile alipiga mmoja tu, ndugu yetu wa Lubumbashi, naye alikata mafungu manne hata kabla hatujauliza. Nilimheshimu sana. Mtu anaweza kudai aliyelenga ndiye mwenye mnyama, lakini alilengea kwenye kibanda kilichotazama mahindi tuliyoyanunua wote, na kibanda hicho alikipata kwa kura ya bahati tu. Ningekipata mimi, huenda bunduki yangu ndiyo ingesema. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mnyama mkubwa huliwa na kambi nzima, na wao wana uzoefu wa uwindaji kuliko sisi wa wikiendi. Kumbukeni tu kwamba Texas ukichukua fungu la kulungu aliyepigwa na mwingine, unatakiwa uwe na hati iliyosainiwa na mpigaji. Na kuuza nyama ile hairuhusiwi, kwa hiyo mchango usigeuke kuwa bei.

Je, asiye nacho? Mwaka huu mgeni wa Minnesota haji. Nafasi yake ameichukua kijana wa chuo, na najua mfuko wake. Kwenye mashua ya baba palikuwa na mtoto wa kufua maji, hakuwa na wavu wala nguvu, na fungu lake alipata. Nimempigia kijana kando, si kwenye kundi la WhatsApp, nikamwambia mchango wake ni barafu basi. Novemba Texas bado kuna joto, bila barafu nyama inaharibika njiani, kwa hiyo si kazi ndogo.

Mkenya nilimfuata nyumbani kwake mwezi wa nne, na dola 180 za tairi, sehemu ya sisi watatu. Hakutaka kuzipokea. Nikaziacha mezani, tukanywa chai, tukazungumza mpaka usiku.

Msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Juzi nilimweleza mpango: mafuta na mahindi tunanunua mimi na ndugu yetu wa Lubumbashi, barafu ya kijana, yeye alete gari. Akauliza, "Na nyama, kaka?"

Nikamwambia tukijaliwa, watu wanne, mafungu matano.