Cheti cha siku tano, kifungo cha miaka 99

Tochi ilikutwa kwenye buti la gari, na kioo chake kilikuwa na vidoa vidogo mno. Mwenye gari, Joe Bryan, alikuwa mkuu wa shule ya sekondari mjini Clifton, Texas. Mkewe Mickey, naye mwalimu, aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Oktoba 1985. Wakati huo Bryan alikuwa Austin, karibu kilomita 190 kutoka hapo, kwenye mkutano wa wakuu wa shule. Ili kesi isimame ilibidi ipatikane namna ya kumtoa Austin usiku na kumrudisha kabla hapajakucha, na namna hiyo ikawa ile tochi. Askari mpelelezi alitoa ushahidi kwamba vidoa vile ni damu iliyoruka kutoka kwa mtu aliyepigwa risasi kwa karibu, kwa hiyo tochi ilikuwa pale kitendo kilipofanyika. Bryan akafungwa miaka 99.

Nilipoisoma kesi hii nilitaka kujua jambo moja tu: huyu shahidi alisomea wapi? Alikuwa amehudhuria kozi ya saa 40 ya kusoma madoa ya damu. Yaani Jumatatu hadi Ijumaa.

Kozi za namna hiyo zilienezwa Marekani tangu miaka ya 1970 na Herbert MacDonell, mkemia wa Corning, jimbo la New York. Waliopita kwake walirudi kwao wakafundisha wengine, nao wakafundisha wengine. Sidharau wanachofundisha. Tone likianguka wima huacha duara. Likija kwa mshazari huacha yai lenye mkia, na mkia huonyesha lilikokuwa likielekea. Unapima upana, unaugawa kwa urefu, unapata sini, namba inayokupa pembe ambayo tone liligonga nayo. Doa la milimita 4 kwa 8 limegonga kwa nyuzi 30. Unavuta kamba kutoka kila doa kwa pembe yake mpaka zikutane hewani, na hapo unasema damu ilitokea. Mwanafunzi akiona kamba zake zimekutana mahali pamoja, moyo wake unajaa. Nadhani hatari inaanzia hapo, kwa sababu kamba huenda moja kwa moja lakini tone huvutwa chini na uzito wake, na hesabu haikuonyi.

Idd kubwa iliyopita, baba mdogo alipomaliza kuchinja, niliomba kisu nikakaa na rula. Kwenye kigae tone lilitoka duara safi, ukingo laini. Kwenye simenti ya uani, kimo kilekile, likachanika pembeni kama jua la mtoto wa chekechea. Kilichonishangaza ni kanzu ya baba mdogo. Tone lililoangukia pamba halikubaki pale lilipoangukia: lilifuata uzi, likanyooka huku na huku, yai na duara vyote vikapotea. Na upindo ulipokuwa umegusa tu mguu wa mbuzi, damu ilishika zile nyuzi zilizoinuka peke yake, ikaacha nukta nyekundu zilizotawanyika. Ungeniapia kwamba zimeruka. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba hazikuruka.

Nukta kama hizo zilimgharimu David Camm wa Indiana miaka 13. Mkewe na watoto wake wawili waliuawa Septemba 2000, na fulana yake ilikuwa na vidoa vinane hivi. Wataalamu wa upande mmoja wakasema vimeruka kutokana na risasi. Wa upande wa pili wakasema fulana iligusa nywele za binti yake wakati Camm alipokuwa akimtoa mwanawe wa kiume garini. Wote walikuwa na vyeti. Alitiwa hatiani mara mbili, hukumu zote mbili zikatenguliwa, na mwaka 2013 akaachiwa huru.

Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilishasema wazi kwamba maoni ya wachunguzi hawa yana hisia ya mtu binafsi kuliko sayansi. Kisha utafiti uliochapishwa 2021 ukawachukua wachunguzi 75 walio kazini, ukawapa madoa 192 ambayo watafiti wenyewe walijua yalivyotengenezwa. Takribani majibu 11 katika kila 100 yalikuwa na makosa, na zipo mara ambapo kosa la mmoja lilirudiwa na mwenzake. Kwa hiyo kumwita mchunguzi wa pili ahakiki kazi ya wa kwanza, jambo ambalo ni jema, hakutoshi peke yake.

Mimi siamini tatizo ni uchache wa saa tu. Mfundishe mtu saa 400 za kutoa majibu, utapata mtu mwepesi zaidi wa kutoa majibu. Ningependa siku ya mwisho ya kozi iwe ya picha za madoa ambayo hayasomeki: ya kanzu, ya zulia, ya damu juu ya damu, ya mtu aliyekohoa damu ikatoka kama ya risasi. Mwanafunzi asiambiwe mshukiwa ni nani wala polisi wanafikiri nini. Anayeandika “haijulikani” mahali pasipojulikana apewe alama zote. Anayetunga jibu anyimwe cheti, hata kama hesabu zake za pembe hazina doa.

Mwaka 2018 yule mpelelezi wa Texas aliandika kwa kiapo kwamba mahitimisho yake yalikuwa na makosa, na tume ya jimbo ya sayansi ya jinai ilisema vivyo hivyo. Januari 2020 mahakama ya rufaa za jinai ilikataa ombi la Bryan. Miezi miwili baadaye alitoka kwa parole, yaani aliachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, akiwa na miaka 79, na kwenye karatasi alikuwa bado ni muuaji wa mkewe.