Tetris ya Nakuru: isukuti imepatia, besi imezidi

Kuna kibao kimezunguka Nakuru na Kisumu kwa miezi kadhaa sasa, kikirushwa kutoka simu hadi simu mpaka kikafika kwenye matatu za barabara ya Kericho. Ni muziki wa Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, ambao produsa mmoja kijana wa Nakuru ameugeuza kuwa muziki wa kielektroniki wa dakika nne hivi. Ndani yake mna besi nzito, ngoma za isukuti zilizorekodiwa kisha zikakatwakatwa, na nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inayochomoza katikati. Hakukiuza, alikitoa bure pamoja na ujumbe mfupi wa sauti akieleza alivyokitengeneza. Jina lake hakulisema, nami sitamtafutia.

Wasikilizaji wamegawanyika. Wale wanaoshinda kwenye vibanda vya PlayStation wanasema ameuharibu wimbo. Wanaoupenda wanajibu kwamba ukitaka wimbo wa zamani, cheza gemu ya zamani, huu ni wa kuchezesha watu. Kila upande umeshika ukweli nusu, na nusu hizo mbili hazijumlishi ukweli mzima.

Tuanze na hilo la kuharibu. Anayesema hivyo anadhani kuna wimbo mmoja asilia uliokaa salama ndani ya gemu. Haupo. Maneno ya wimbo huu yalitoka katika shairi la Mrusi Nikolay Nekrasov la mwaka 1861, kisa cha mchuuzi anayembembeleza msichana huku wakivutana bei ya bidhaa. Shairi likageuka wimbo wa kienyeji, ukaimbwa na kuchezwa vijijini miaka mingi. Mwaka 1989 Hirokazu Tanaka, mtunzi wa kampuni ya gemu ya Nintendo, akauchukua kwa ajili ya Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi, na kuuweka uwe muziki wa A, mchezaji achague kati ya huo, B na C. (Ule wa C, kwa taarifa ya wanaojitapa kwamba gemu ni mambo ya watoto, ni minueti, dansi ya zamani ya Ulaya, iliyotungwa na Bach.) Mwaka 1992 Andrew Lloyd Webber, yule wa michezo mikubwa ya jukwaani London, akishirikiana na Nigel Wright, wakautoa tena kama muziki wa disko na ukafika nambari 6 katika chati ya Uingereza. Kijana wetu basi amepanga foleni nyuma ya watu wengi. Anayedai wimbo uachwe jinsi ulivyokuwa atuambie kwanza ulivyokuwa mwaka gani.

Hata hivyo wazee wa gemu wana hoja moja ambayo wapinzani wao wanaikwepa. Game Boy ilikuwa na chaneli nne tu za sauti: mbili za mlio ule mkali wa mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi angeweza kulichonga mwenyewe, na moja ya kelele ya kuchakacha inayosimama mahali pa ngoma. Tanaka hakuwa na pa kufichia noti ya bure. Sauti ya pili inaufuata wimbo mkuu kwa ukaribu, besi inarukaruka chini yake, na zote tatu unazisikia waziwazi hata kwenye kispika kidogo cha plastiki. Katika toleo la Nakuru sauti ile ya pili imepotea kabisa. Nimeitafuta kwa spika za masikio, nikaitafuta kwenye redio ya gari, haipo. Mahali pake pamejazwa tabaka tatu au nne za sinthesaiza zinazopiga noti ileile moja. Sauti zimeongezeka, muziki umepungua. Hilo si suala la uaminifu kwa Nintendo. Ni suala la masikio.

Kuna jambo la pili, na ndilo ninaloliona zito zaidi. Wimbo huu wa kienyeji wa Kirusi kwa kawaida huanza taratibu kisha ukaongeza mwendo mpaka wachezaji wakahema. Tetris ilirithi tabia hiyo kwa njia yake: kadiri unavyopanda ngazi, vipande vinashuka kwa kasi zaidi, na muziki ule unaozunguka bila kuisha unaanza kukukimbiza hata kama wenyewe haujabadilika. Mbio ndiyo roho ya jambo lote. Remiksi hii ina mwendo mmoja tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Mwendo wenyewe si mbaya, lakini haujui kupanda.

Utetezi wa hapa nimeusikia na una uzito. Dijei anahitaji wimbo wenye kasi moja ili auunganishe na unaofuata, na wimbo unaobadilisha mwendo ndani yake humvuruga. Kweli. Lakini wangapi kati ya wanaousikiliza huu wako klabu? Wako kwenye viti vya matatu kati ya Mau Summit na Ahero, wako kwenye kinyozi, wako kitandani na simu. FL Studio, programu wanayoitumia maprodusa wengi wetu, inakuruhusu kupandisha kasi kidogokidogo ndani ya wimbo mmoja. Angeweza kutoa matoleo mawili, moja la dijei na moja la msikilizaji. Kuchagua la dijei peke yake ni kuwapa kipaumbele watu ambao wengi wao hawajaupiga.

Sasa nije kwenye isukuti, maana hapa ndipo kijana alipofanya kazi. Isukuti ni ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, zinazopigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. UNESCO iliziweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Maprodusa wengi wakikamata ngoma ya kwao huibandika juu ya biti iliyokwisha kukamilika, kama kitambulisho cha kuonyesha askari barabarani. Huyu amefanya kinyume. Ameiweka ngoma ndogo palepale palipokuwa na ile chaneli ya kuchakacha, akaisogeza nyuma kidogo ya pigo. Wimbo wa Kirusi unatembea wima, moja-mbili, moja-mbili. Kwa kusogeza pigo lile ameufanya uyumbe mabega. Ile ngoma kubwa nayo haipigi kila mahali, inangoja mwisho wa mstari kisha inajibu, na wimbo unaonekana kuulizana maswali na mtu. Mashabiki wa gemu wanaosema hakuna alichoongeza hawajasikiliza dakika ya kwanza na nusu. Huo ni upangaji mpya wa wimbo kwa maana kamili, na kwa kipimo changu unaupita ule wa disko wa 1992 kwa mbali.

Nyatiti haikupata bahati hiyo. Ala ile ya nyuzi nane huwekwa sawa kulingana na sauti ya mwimbaji, na utamu wake mwingi uko katika mvumo unaotetema na katika ule mgongano wa pete ya chuma ya kidole cha mguu dhidi ya mwili wa ala. Produsa ameinyoosha kwa kompyuta ili noti zake zikae sawasawa na za kinanda. Nimeelewa kwa nini: wimbo wa Tetris uko katika minor, ile ngazi ya noti yenye huzuni, una noti moja iliyopandishwa nusu ambayo nyatiti haikuwa na sababu ya kuijua, na bila kuinyoosha zingegongana. Lakini mgongano ule ndio ungekuwa habari. Ilivyo sasa, mtu wa Kisumu aliyekulia kwenye matanga yenye nyatiti atadhani ni gitaa la bei rahisi.

Na hizo besi. Mara tatu ngoma zinakimbia, kila kitu kinanyamaza, kisha besi inaanguka. Mara ya kwanza nilitikisa kichwa. Mara ya tatu nilikuwa naangalia saa. La kusikitisha ni kwamba muziki wa Tanaka tayari una mahali pake pa kupumulia, ile sehemu ya katikati yenye noti ndefu ambapo mbio zinatulia kabla ya kurudi. Ilikuwa tayari, bure, na ingemfaa kuliko kimya chochote cha kutengeneza. Ameipitisha chini ya besi mpaka haisikiki. Hapo alikuwa akifuata mtindo wa kila biti ya kielektroniki unayoijua, wakati kwenye isukuti alikuwa akisikiliza.

Upande wa sheria umezua kelele kuliko unavyostahili, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Wimbo wa kienyeji wenyewe ni wa zamani mno kuwa na mwenye kudai hakimiliki yake. Mpangilio wa Tanaka na sauti za gemu ni jambo lingine, na sekunde za mwanzo za remiksi ni mlio wa Game Boy uliorekodiwa moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kunakili na ya kugeuza, na kugawa bure hakuifuti haki hiyo. Njia rahisi ni kuzipiga sekunde zile upya kwa sauti zake mwenyewe, kazi ya jioni moja kwa mtu wa kiwango chake.

Lakini inashangaza kwamba ubishi wote wa haki umeelekezwa kwa Nintendo, kampuni ya Kyoto yenye mawakili wake. Katika ule ujumbe wa sauti produsa anasema ngoma alizirekodi kwa simu kwenye harusi upande wa Khayega. Hasemi waliokuwa wakipiga ni akina nani, wala kama waliulizwa. Sheria ileile inamlinda mpigaji pia: kurekodi onyesho lake na kulisambaza kunahitaji ridhaa yake. Wale wanaume ndio wamebeba sehemu bora ya kibao hiki, na katika mabishano yote niliyoyasikia kuanzia Bondeni hadi Kondele hakuna aliyewauliza. Kuficha jina lake mwenyewe ni hiari ya produsa. La wapigaji si lake kulificha. Khayega inafikika kutoka Nakuru, na waliooana siku ile bila shaka wanajua ngoma ile ilitoka kijiji gani.