Wagombea 102, alama moja

Kinachonikera kuhusu uchaguzi mdogo wa meya wa Toronto, Canada, wa Juni 26, 2023 si aliyeshinda. Olivia Chow alishinda kihalali, akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza jiji hilo tangu manispaa zake zilipounganishwa mwaka 1998. Kinachonikera ni yale ambayo mpiga kura hakuruhusiwa kuyasema alipokabidhiwa karatasi yake.

Itazameni karatasi yenyewe. Ina majina 102 ya wanaotaka kiti kimoja, yamepangwa kwa alfabeti, nawe unashuka nayo kwa kidole hadi ulione jina unalolitafuta. Ukishaliona unaweka alama moja, basi. Kuhusu wale wengine 101, hata kama kuna watatu unaowakubali na mmoja usiyetaka hata kumsikia, huna pa kusema lolote.

Msongamano huo haukutokea bure. Oktoba 2022 John Tory alichaguliwa kuwa meya kwa muhula wa tatu kwa asilimia 62 ya kura, na wanasiasa wengi wenye majina makubwa hawakuthubutu kumkabili. Februari 10, 2023, gazeti la Toronto Star lilipofichua uhusiano wake na mwanamke aliyewahi kufanya kazi ofisini kwake, akatangaza kujiuzulu. Kiti kikawa wazi ghafla. Uchaguzi wa manispaa huko Ontario, jimbo lenye mji wa Toronto, hauna vyama, kwa hiyo hakuna kura za maoni za chama za kuwapunguza wagombea, na ada ndogo pamoja na saini chache zinatosha kukuingiza kwenye karatasi. Wakajitosa aliyekuwa naibu meya Ana Bailão, mkuu wa zamani wa polisi Mark Saunders, diwani Josh Matlow, Mitzie Hunter aliyeacha kiti chake katika bunge la jimbo, na makumi ya watu ambao hata majirani zao sidhani kama walijua kuwa wanagombea. Sitaki wazuiwe. Mji wa karibu watu milioni tatu una haki ya kuwa na wagombea wengi.

Ila wingi huo unahitaji njia ya kupiga kura inayoweza kuubeba. Katika wiki za mwisho mazungumzo yalihama kutoka kodi za nyumba na usafiri hadi swali moja: nani anaweza kumzuia Chow? Waziri Kiongozi wa jimbo, Doug Ford, alimuunga mkono Saunders waziwazi. Tory akajitokeza upande wa Bailão. Mtu aliyempenda Saunders lakini akaridhika na Bailão ilibidi abahatishe, tena kwa kutegemea takwimu za watafiti wa maoni. Mwishowe Chow alipata asilimia 37, Bailão 32, na Saunders hakufika hata 9. Je, Bailão angeshinda kama watu wangepanga chaguo la kwanza, la pili na la tatu? Hakuna anayeweza kujua, na hilo ndilo linaloniudhi. Wapiga kura wenyewe walikuwa na jibu, ila hawakuulizwa.

Wapo watakaosema natafuta namna ya kumpokonya Chow ushindi. Sivyo kabisa. Mwaka 2014 Chow huyohuyo alishika nafasi ya tatu kwa asilimia 23, na mshindi, Tory, alipata 40. Kura zilizogawanyika zimewahi kuwanufaisha watu wa pande zote.

Suala hili lina uzito zaidi kwa sababu ya madaraka yenyewe. Desemba 2022, Ontario ilipitisha sheria inayompa meya wa Toronto uwezo wa kupitisha baadhi ya sheria ndogo akiwa na zaidi ya theluthi moja tu ya kura za baraza. Chow aliahidi kutoutumia uwezo huo, na nampongeza kwa hilo. Lakini ahadi ya mtu si kinga ya kudumu. Meya mwingine aliyechaguliwa na wachache anaweza kuamua kutawala kwa wachache pia.

Dawa inajulikana. Edwin Lee, meya wa San Francisco, alipofariki Desemba 2017, jiji hilo liliitisha uchaguzi maalumu Juni 2018, na wapiga kura wakapanga chaguo tatu: mgombea wa mwisho huondolewa, na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Wagombea Mark Leno na Jane Kim kila mmoja akawaomba wafuasi wake wampe mwenzake nafasi ya pili. Kura za Kim zilipogawiwa upya, nyingi zikaenda kwa Leno, na bado mpinzani wao, London Breed, akashinda kwa tofauti ya kura zipatazo 2,500 tu. Hakuna aliyeweza kudai kwamba Breed amepita kwa sababu wapinzani wake wamegawana kura.

Wala Ontario haihitaji kwenda Marekani kujifunza. Mwaka 2016 jimbo liliziruhusu manispaa zitumie utaratibu huo, na mwaka 2018 mji wa London, Ontario, ukautumia kumchagua meya na madiwani. Mwaka 2020 serikali ya Ford ikaufuta, tena ndani ya sheria iliyohusu kinga dhidi ya kushtakiwa mahakamani kwa sababu ya Korona, bila kuwauliza kwanza wakazi wa London waliokwisha kuutumia. Kama serikali hiyo iliamini kwamba watu wa London walishindwa kuhesabu hadi tatu, ingejitokeza mbele yao na kuwaambia hivyo.