Utajiri wa Kutazama kwa Macho

Mimi ni fundi baiskeli wa Ngamiani, hapa Tanga, na kwa muda wote niliokula jasho la pancha na minyororo sijawahi kuona mteja akinilipa kabla sijashika bisibisi, achilia mbali kunilipa kwa kutofanya kitu. Lakini tangu simu yangu ianze kunitafutia fursa, sina amani. Kabla hata uji haujapoa, ujumbe umekwishaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Huyo simchukii sana, kwa kuwa walau anaomba waziwazi, naripoti namba yake kwa 15040, kisha narudi kwenye spoku zangu.

Wanaonikera ni wale wanaokuja wakitoa. Shemeji yangu aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp ambalo kazi yake, eti, ni kutazama video na kubonyeza alama ya kupenda, halafu unalipwa. Kwa kupenda! Mimi mke wangu, dada yake huyo shemeji, nimempenda miaka kumi na minane na sijaona hata posho. Kiingilio kilikuwa 50,000, na siku mbili za mwanzo nililipwa kweli, 4,000 kila siku. Sisi watu wa pwani tunajua tangu utotoni kwamba chambo hakitupwi majini kwa huruma, ila ujuzi huo, kumbe, huwa tunauacha ufukweni tukishika simu. Nikaongeza 250,000 ili nipande daraja.

Baada ya hapo salio lilinenepa kwenye kioo cha simu mpaka likafika 640,000, nami nikawa nalitazama kila nikimaliza kuziba pancha, jinsi mtu anavyomtazama mbuzi wake wa Idi. Mke wangu alilitazama mara moja tu, akasema, "Haya, Baba Zuhura, zitoe basi, uende Deep Sea utuletee changu wawili." Nikabonyeza kutoa. Jibu likaja kwa Kiswahili kilichopinda kama rimu iliyogonga jiwe: nilipe kwanza kodi ya asilimia 10, yaani 64,000, ndipo fedha zifunguliwe. Nikauliza kwa adabu kwa nini wasiikate humo humo kwenye 640,000 zangu, kwa maana hata wakala wa pale kona, ambaye hana ofisi London wala picha ya ndege, ada ya kutoa hukatwa kwenye salio langu bila kuniambia nikakope kwanza. Swali hilo halikujibiwa.

Shemeji akanipa njia nyingine: nikileta watu kumi, kodi inasamehewa, na kila mmoja wao naye alete kumi. Nikachukua chaki, nikapiga hesabu kwenye sakafu ya banda langu. Hatua ya nane ilihitaji watu 100,000,000, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, wakiwemo watoto wachanga ambao bado hawana laini. Nikamwambia pia habari aliyonisomea Zuhura, kwamba mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Mtaliano mmoja aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa mbele kwa fedha za waliokuja nyuma, mpaka wa nyuma wakakosa wa kuwalipia. Nikamkumbusha na waliopanda fedha zao, zilizoitwa mbegu, kwenye upatu wa DECI hapa nchini hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Shemeji akafikiri kwa makini, akasema, "Hao hawakuwa na programu ya simu."

Nilipoiandika hesabu yangu kundini, niliondolewa kabla sijafika hatua ya tano.

Sasa juzi nimepokea ujumbe wa ofisi inayowarejeshea fedha waliotapeliwa mitandaoni. Jina langu limo, na kiasi ni kile kile, 300,000 bila kupungua shilingi, ingawa kwa aibu sijamtajia binadamu yeyote isipokuwa wale waliozichukua. Ninachotakiwa ni kulipa 30,000 za kufungulia faili. Nilimuuliza mke wangu kama hatuwezi kulipa nusu kwanza. Hakunijibu, aliichukua simu, akaifungia kabatini pamoja na sukari, na tangu asubuhi naisikia ikilia humo ndani.