Kazikwa Alasiri, Kwenye Karatasi Bado Yu Hai

Jamani, kwa kuzika sisi watu wa visiwani Zanzibar hatushindwi. Mtu akikata roho saa 4 asubuhi, adhuhuri mwosha maiti keshafika, sanda imekatwa, vijana wako makaburini na majembe, na msikitini imeshatangazwa sala ya jeneza baada ya Alasiri. Magharibi ikiadhiniwa watu wamesharudi na udongo miguuni. Hakuna kamati, hakuna mwenyekiti, hakuna aliyeomba posho.

Sasa mfuate yule yule aliyekuwa mbele kwenye jeneza umuulize: cheti cha kifo je? Atakukodolea macho kama umemuomba risiti ya sanda.

Ndiyo maana tuna wazima, tuna marehemu, halafu tuna kundi la tatu: waliozikwa zamani lakini kwenye karatasi wangali wanapumua. Na hili ndilo kundi lenye mali. Lina mashamba ya mikarafuu Pemba, lina nyumba Ng'ambo ya mjini Unguja, lina akaunti benki. Pencheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea ilipoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ilibidi kuwe na orodha, na orodha haijui kusoma makaburi. Mtu asipotoa taarifa, jina linabaki pale, zima, halina hata kikohozi.

Miaka inapita. Halafu siku moja mjukuu anataka kuuza kiwanja. Hapo ndipo ukoo mzima unakumbuka kwamba babu amekufa.

Tuanze na aliyekufa juzi, huyo ndiye rahisi. Watu wanachanganya karatasi tatu. Ya kwanza ni ya daktari, inayosema mtu amekufa na kwa sababu gani. Ya pili ni barua ya sheha, mkuu wa shehia, yaani mtaa, kwamba marehemu alikuwa mtu wa shehia yake na mleta taarifa anajulikana. Ya tatu ndiyo cheti cha kifo chenyewe. Mtu anaikunja ile ya kwanza, anaitia kwenye msahafu, miaka 15 anajiona ana cheti. Anakwenda nayo benki, wanamrudisha, anarudi nyumbani anasema benki wezi. Si wezi, bwana. Umewapelekea unga, wao wanataka mkate.

Hiyo ya daktari nayo isome kabla hujatoka spitali, usiikunje tu. Sehemu ya sababu ina mistari kadhaa: juu kabisa ni kilichomuua mwisho, kila mstari wa chini ni kilicholeta cha juu yake, mpaka ufike kwenye chanzo. Mfano, juu damu kuvuja kwenye ubongo, chini yake shinikizo la damu. Daktari akiwa na haraka anaandika "moyo umesimama", basi. Ahsante, daktari. Yupi aliyekufa na moyo wake ukaendelea? Shirika la Afya Duniani lenyewe linawakataza madaktari kuandika hivyo, kwa kuwa kusimama kwa moyo ni namna ya kufa, si sababu ya kufa. Ukiona hivyo uliza papo hapo, maana daktari wa zamu leo yuko hapa, mwakani yuko masomoni.

Kisha sheha. Sheha ni mtu, ana shamba, ana harusi za kwenda, na muhuri anatembea nao. Ukimpata, usimwachie aandike kwa kukumbuka. Mpelekee kitambulisho cha marehemu na chako, akopi herufi kwa herufi. Sheha amemjua marehemu miaka 40 kwa jina la "Mzee Bomba", na asipokuwa na kitambulisho mbele yake, barua itakwenda wilayani na Mzee Bomba.

Siku nzuri ya kukusanya haya ni ya khitma, kabla ubwabwa haujapakuliwa. Siku ile ndugu wote wapo, mpaka yule wa Mkoani, Pemba, asiyepokea simu. Uliza majina matatu kamili, mwaka wa kuzaliwa, ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, iko kwenye mkoba gani. Ukisubiri watu wale kwanza, umewakosa. Na mjane msimtume popote, yumo edani miezi minne na siku kumi. Mtoto mkubwa ana miguu, aende yeye.

Anakwenda wapi? Kwenye afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Nambari 3 ya mwaka 2018. Wazee mpaka leo wanasema "kwa Mrajis", na kwa kweli ukimwambia dereva wa daladala lile jina refu, utakapolimaliza mmeshapita kituo. Wakala huo ndio wenye vizazi, ndoa, talaka, vifo na vitambulisho. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kuacha na kufa kwenye kompyuta moja. Ajabu ni kwamba kwenye ndoa hatuchelewi hata siku.

Angalizo moja hapa, maana linawarudisha wengi. Taarifa ya kifo inatoka pale roho ilipotoka, si pale kaburi lilipo. Mtu wa Micheweni, Pemba, aliyefia mjini Unguja akasafirishwa kuzikwa kwao, karatasi ya mwanzo iko Unguja. Aliyefia Dar es Salaam, huyo ni wa RITA, wakala wa usajili wa Bara, kwa sababu usajili wa vizazi na vifo si jambo la Muungano. Unaweza kugonga dirisha la Zanzibar mpaka kidole kipinde, jina lake halimo. Aliyefia Muscat anakuja na hati ya Kiarabu, nayo inataka tafsiri ya mtu anayekubalika, si ya ami yako aliyesoma chuoni akaishia juzuu ya tatu.

Na kuna ambao mwili haukuonekana. Hapa mzaha nauweka pembeni. Usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na wapo wasioonekana tena. Hawa hawana karatasi ya spitali wala kaburi, na njia yao ni mahakamani.

Haya, turudi kwa waliokufa zamani. Ukiwatafuta kwenye madaftari huwaoni, na lawama ya kwanza ni ya majina. Majina yetu ni kamba: lako, la baba, la babu. Na kwa mapenzi yetu, mtoto wa kwanza anapewa jina la babu yake. Basi Makame Haji Makame anamzaa Haji Makame Haji, naye anamzaa Makame Haji Makame. Daftari moja, shehia moja, watu watatu, majina mawili. Karani anakuuliza, "Yupi?" Utamjibu nini, yule mwenye kanzu?

Ongeza tahajia. Hamisi, Khamis, Hamis. Hadija, Khadija. Mwajuma, Mwanajuma. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha ndoa vile, hati ya shamba vingine, na kila afisi inaona wale ni watu watatu wageni. Dawa yake ni hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na uifanye mapema, kabla hujafika dirishani na kuambiwa "kalete kiapo" saa 8 mchana ya Alhamisi.

Madaftari ya zamani yana "bin" na "binti", kwa hiyo Mwanakombo Faki mtafute kama Mwanakombo binti Faki. Mke usimtafute kwa jina la mume, hakulichukua. Na jina lililoanza maisha yake kwa hati za Kiarabu lina hadithi yake: mwandishi wa zamani hakuwa na herufi ya "p" wala ya "v", akaazima "b" na "f". Pandu akawa Bandu, Vuai akawa Fuai. Akaja karani wa kikoloni akamsikiliza Fuai kwa masikio ya Kiingereza, na alichokiandika, Mungu ndiye ajuaye. Andika kwenye kikaratasi kila namna ambayo mtu asiyejua Kiswahili angeliharibu jina hilo, kisha zitafute zote.

Lawama ya pili ni tarehe. Muulize bibi, babu alifariki lini? "Mfunguo tatu." Mjukuu anaandika Machi. Mwanangu, Mfunguo tatu ni Dhulhija! Mfunguo mosi ni Shawwal, unahesabu tangu tulipofungua saumu, na miezi hiyo inatembea, kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku 11. Bibi akisema "kabla ya Ramadhani", hajakusaidia kitu mpaka uujue mwaka. Akisema "Mwaka Kogwa", mshike mkono umbusu, maana siku ya mwaka ya Makunduchi inafuata jua, na hiyo ni Julai kila mwaka. "Mwaka aliouawa Mzee Karume" ni 1972, safi. "Mwaka wa karafuu nyingi", huo muache apumzike.

Hati ya wakfu imeandikwa 1318. Kijana wa skuli anajua Hijra ilikuwa 622, anajumlisha, anapata 1940, anakwenda kufukua madaftari ya 1940. Kakosea miaka 40. Mwaka wa mwezi ni mfupi, kwa hiyo katika kila mia toa tatu kwanza: 1318 ukiondoa kama 40 ni 1278, ndipo ujumlishe 622, unapata 1900. Na kweli, Muharram ya 1318 iliandama Mei 1900.

Kisha usiku. Mzee akikwambia "alikufa usiku wa Ijumaa", anasema Alhamisi baada ya Magharibi, kwa sababu siku yetu inaanza jua likizama. Spitali siku inageuka saa 6 usiku. Aliyekufa saa 3 usiku, kwa bibi ni Ijumaa, kwa daktari ni Alhamisi. Mtu atasema, siku moja tu, kuna nini?

Kuna nyumba, ndugu yangu. Kwenye mirathi anayerithi ni aliyekuwa hai mwenzake alipokufa. Babu akifa akaacha wana wawili, halafu mmoja akafa kesho yake, fungu lake keshalipata, na watoto wake watalirithi kutoka kwake. Akitangulia yeye kufa usiku mmoja kabla ya babu, hapati kitu, na wanawe wanazuiliwa na ami yao aliye hai. Usiku ule ule wa Ijumaa! Ndiyo maana kwenye mirathi ya mababu watatu waliokufa mfululizo bila kugawanya, kadhi hataki hadithi, anataka mpangilio wa vifo. Mirathi hiyo ya kupandana, wanaojua wanaiita munasakha. Wasiojua wanaiita uchawi.

Sasa kutafuta. Daftari linafuata siku kifo kilipoandikishwa, si siku mtu alipokufa. Aliyekufa 1951 anaweza kuwa kwenye daftari la 1958, kwa sababu 1958 ndipo wanawe walipogombana. Kwa hiyo anza mwaka wa kifo, ukimkosa nenda mbele, usirudi nyuma, na uulize ukoo: ugomvi ulianza lini? Mwaka wa ugomvi ndio mwaka wa karatasi.

Daftari likikataa kabisa, kuna mafaili ya mirathi ya mahakama ya kadhi, na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, maana mtu aliyeacha mali mara nyingi ameacha jalada. Halafu afisi ya Nyaraka za zamani, Kilimani, mjini Unguja. Huko kuna mafaili ya mahakama na ya wakfu, barua za balozi ndogo za zamani, na gazeti rasmi la serikali. Nenda asubuhi na kitambulisho, na kalamu ya risasi, ya wino iache nyumbani. Usiseme "namtafuta babu". Hapo hakuna babu, kuna namba. Anza na orodha ya majalada, andika herufi na namba ya jalada, omba hilo, rudisha, omba jingine. Ukikuta Kiarabu cha mkono, usijifanye unasoma, muombe anayejua.

Makaburini usitegemee. Sisi tunachomeka kibao au jiwe, mvua mbili jina limekwenda. Mabaharia wa Kiingereza wa HMS Pegasus, meli iliyopigwa na Wajerumani bandarini kwetu Septemba 20, 1914, wako kisiwa cha Chapwani na majina yao yanasomeka. Babu yako mwenye nchi yuko chini ya mwembe, na mwembe wenyewe ulishakatwa.

Haya, cheti kimetoka. Usishangilie, na usikimbilie kukitia plastiki, maana afisi nyingine zinataka kuushika muhuri kwa kidole. Simama hapo hapo dirishani ukisome: majina matatu, tarehe, mahali, jinsia. Jinsia pia, usicheke. Halafu utoe kopi sita, kwa sababu benki inataka, kadhi anataka, mfuko wa pensheni unataka, na shemeji anataka bila kusema ya nini.

Umesoma? "Khamis" wameandika "Hamis". Haya, rudi kwenye foleni, na yule aliyekuwa nyuma yako sasa yuko mbele, naye amekuja na baba wa babu yake.