Mguu Usipewe Daraja Mlangoni

Abiria wa bodaboda akigongwa na gari, mara nyingi kinachovunjika ni muundi, na mfupa hutoboa ngozi. Anafika idara ya dharura akiwa na mchanga kwenye kidonda, bandeji imelowa damu, na tayari fomu ya rufaa imeandikwa "Gustilo ya kwanza", yaani daraja jepesi kabisa la mvunjiko wazi, ule wa mfupa kutoboa ngozi. Hapo ndipo ninapogomba. Daraja hilo limetolewa na mtu ambaye hajaona ndani.

Madaktari Ramon Gustilo na John Anderson walitoa mpangilio wao wa madaraja mwaka 1976, baada ya kufuatilia mivunjiko wazi 1,025 huko Minneapolis, Marekani. Daraja la kwanza ni kidonda safi kisichofika sentimita 1. La pili kimezidi hapo, ila nyama haikuharibika sana. La tatu ni ajali ya nguvu kubwa: nyama imepondeka, mfupa umekuwa vipandevipande, au uchafu umeingia hadi ndani. Mwaka 1984 daraja hilo la tatu likagawanywa. A, nyama iliyobaki inatosha kufunika mfupa. B, utando wa mfupa umebanduka, mfupa uko uchi, na itabidi nyama ihamishwe kutoka kwingine. C, ateri imekatika na lazima ishonwe mguu usife.

Katika wagonjwa wa ripoti hiyo ya 1984, maambukizi yalikuwa asilimia 4 kwa A na asilimia 52 kwa B. Herufi moja tu, na mtu mmoja anarudi kazini wakati mwingine anatoka usaha kwenye mfupa miaka nenda rudi. Tofauti hiyo haionekani mlangoni.

Haionekani kwa sababu ngozi hudanganya. Mbele ya muundi hakuna msuli, ni ngozi na mfupa tu. Bampa likigonga hapo, ngozi inaweza kutoboka tundu dogo huku misuli ya nyuma imesagika. Tena mfupa ukishatokeza ukagusa udongo, wasamaria wakaunyoosha mguu barabarani, unarudi ndani na uchafu wake. Anayepima tundu kwa rula ataandika daraja la kwanza. Nguvu ya ajali na picha ya eksirei iliyojaa vipande zinasema la tatu.

Hata mabingwa hutofautiana. Mwaka 1994 Brumback na Jones waliwaonyesha madaktari wa mifupa 245 video za wagonjwa wenye mivunjiko wazi ya muundi, na wastani wa kukubaliana juu ya daraja ulikuwa asilimia 60. Ikiwa hao walioonyeshwa kidonda vizuri hawakuafikiana, sioni kwa nini tumbebeshe mzigo huo daktari wa mafunzo kazini saa nane usiku. Daraja la kuaminika hutolewa chumba cha upasuaji, kidonda kikishapanuliwa, kikaoshwa, na nyama iliyokufa ikaondolewa.

Ubaya wa daraja la haraka ni kwamba linaamua foleni. Ukiandikwa "ya kwanza" unasukumwa mwisho wa orodha ya upasuaji. Kibaya kuliko vyote, kuna wanaoshonwa ngozi palepale mapokezi na kupelekwa wodini, uchafu umefungiwa ndani.

Kazi ya mlangoni ipo, na ni ya haraka. Antibiotiki kwenye mshipa ianze ndani ya saa ya kwanza tangu afike, bila kungoja daraja. Chanjo ya pepopunda. Kidonda kipigwe picha mara moja, kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, kisifunguliwefunguliwe kila daktari apitapo. Mguu unyooshwe na kufungwa gango, na mapigo ya damu ya unyayo yapapaswe kabla na baada. Hilo la mapigo halina subira: unyayo wa baridi usio na mapigo ni dharura ya kumwamsha bingwa wakati huohuo.

Kwenye fomu ya rufaa andika ulichokiona: ukubwa wa kidonda, uchafu uliomo, mapigo yakoje, ajali ilitokea saa ngapi, antibiotiki ilitolewa saa ngapi. Nafasi ya daraja iache tupu, aijaze atakayemfanyia upasuaji.